Dirisha, Mkeka na Chumba: Uhakiki wa Maneno ya Kusimika Msimamizi Mwepesi wa Madirisha

1. Utangulizi

Mabishano juu ya istilahi za Kiswahili si mapya. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka wa 1930, na hata baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuanzishwa nchini Tanzania mwaka wa 1967, swali limekuwa ni lile lile: je, neno la kitu kigeni litafsiriwe, litoholewe, au liundwe upya? Mara nyingi swali hili limejibiwa mezani, kwa orodha ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti. Ni mara chache neno limefuatwa hadi mahali linapotumika, likatazamwa kama linamfikisha mtu kwenye kazi yake au linampoteza njiani.

Makala haya yanakusudia kulifuata neno namna hiyo katika eneo moja dogo la msamiati wa kompyuta, yaani maneno anayohitaji mtu anayesimika msimamizi mwepesi wa madirisha na kuupanga utendaji wake. Mahali palipochaguliwa kuyapimia maneno hayo ni Kulesa, kijiji cha Wapokomo katika jimbo la Garsen, Kaunti ya Tana River, kwenye nyanda za chini za Mto Tana. Uchaguzi huu una sababu. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro. Jirani zao Waorma nao husema lugha ya Kikushi, isiyokuwa na undugu huo. Kwa hiyo Kiswahili katika sehemu hizo si lugha ya kigeni kabisa, wala si lugha ya kwanza ya kila nyumba. Ni lugha ya kukutania. Hiyo ndiyo hali ya wengi wa wasemaji wa Kiswahili leo, na istilahi inayoshindwa Kulesa haiwezi kuokolewa na kukubalika kwake Dar es Salaam au Nairobi.

2. Kitu chenyewe

Kabla ya kulihukumu neno ni sharti kitu kinachotajwa kijulikane. Kompyuta nyingi zinazotumia Linux huchora picha kwenye kioo kwa msaada wa mfumo uitwao X, ulioanzishwa mwaka wa 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mfumo huo una tabia moja ya ajabu. Huweza kuchora madirisha, lakini hauamui yakae wapi, lipi liwe juu ya lipi, wala yawe na ukingo wa namna gani. Uamuzi huo umeachiwa programu nyingine, na programu hiyo ndiyo msimamizi wa madirisha.

Wapokomo walikuwa na baraza la wazee liitwalo gasa, lililosikiliza mashauri na kuamua magomvi. Gasa halikumlimia mtu shamba lake, bali liliamua pale wawili walipogombea mahali pamoja. Msimamizi wa madirisha naye haandiki barua wala hapigi hesabu. Kazi yake ni kuamua nani akae wapi katika kioo ambacho hakiwatoshi wote kwa wakati mmoja.

Wasimamizi wa namna hii ni wengi. Wengine wamefungamana na mazingira makubwa yenye mapambo mengi, na huhitaji mashine yenye nguvu. Wengine ni wepesi, kwa mfano IceWM, Fluxbox, JWM na Openbox. Uhakiki huu unatumia Openbox, programu iliyoanzishwa na Dana Jansens mwaka wa 2002 na kutumiwa baadaye katika mazingira ya LXDE. Uzito wake ni megabaiti chache tu za kumbukumbu. Kwa hiyo kompyuta iliyokwisha kutupwa ofisini kwa sababu ya uzee huweza kufufuliwa nayo, ikawafaa watu wasio na fedha za kununua mpya na wenye umeme wa kuhesabiwa.

Chukua mfano wa mwalimu wa Kulesa aliyepewa kompyuta ya namna hiyo. Katika Linux ya Debian, amri moja, apt install openbox, ikitolewa na mwenye mamlaka ya mashine, humletea programu. Kisha huunda kabrasha la ~/.config/openbox nyumbani kwake, na kunakili humo mafaili matatu kutoka /etc/xdg/openbox. Faili la rc.xml lina mipangilio ya vibonye, kingo na vyumba vya kazi. Lile la menu.xml lina menyu yenyewe, na autostart lina programu za kuanzishwa pamoja na msimamizi. Akiisha kuyahariri, hutoa amri ya openbox --reconfigure, na mabadiliko ya rc.xml na menu.xml husomwa papo hapo. Yale ya autostart hungoja mpaka aingie upya.

Lakini siku ya kwanza, kabla hajahariri chochote, mwalimu huyo hukutana na kioo cha kijivu kisicho na kitu. Hakuna picha ndogo za kubofya wala mstari wa chini wenye saa. Asiyejua hudhani mashine imekufa. Menyu hutokea tu pale anapobofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya utupu huo, na maneno ya menyu hiyo ndiyo mambo ya kwanza anayoambiwa na mashine. Hapo ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa la orodha na kuwa la mtu.

3. Msimamizi na kusimika

Jina la kitu hiki lina wagombea kadhaa. "Meneja wa madirisha" lina wepesi wa kutoholewa, lakini meneja katika Kiswahili cha kawaida ni mtu wa ofisi mwenye mshahara na amri, naye hukumbukwa zaidi kwa cheo chake kuliko kwa kazi yake. "Mpangaji wa madirisha" lingefaa kwa maana ya kitenzi "panga", lakini mpangaji ni pia mtu aliyekodi chumba katika nyumba ya mwenzake. Anayesikia "mpangaji wa madirisha" hana budi kusita. "Kidhibiti madirisha" limeundwa kwa kanuni njema ya kukipa chombo kiambishi "ki-", ila "dhibiti" hubeba maana ya kubana na kuzuia, na programu hii haizuii bali hupanga.

"Msimamizi" lina faida ambayo wagombea wengine hawana. Limetokana na "simamia", yaani kusimama kwa ajili ya kazi ya wengine. Hata ngeli yake ya watu si kosa, kwa kuwa kitu hiki hufanya kazi ya kuamua, na Kiswahili hakikatai kukipa nafsi kitu kinachoamua.

Neno la kitendo cha kuiweka programu mashineni nalo lina mvutano. Tafsiri nyingi za leo hutumia "sakinisha", kutokana na "sakini" lenye maana ya kukaa mahali. Ni neno lenye heshima, na tayari limeenea. Hata hivyo lugha ilikuwa na neno jingine karibu zaidi, nalo ni "simika". Nguzo ya nyumba husimikwa. Mtu wa madaraka naye husimikwa mbele ya watu, akawa na haki ya kuamua. Maana zote mbili zinaikamata kazi inayozungumzwa hapa: kitu kinawekwa kikasimama, kisha kinapewa mamlaka. Zaidi ya hayo, "simika" na "msimamizi" ni matawi ya shina moja. Sentensi "mwalimu amemsimika msimamizi wa madirisha" hufahamika na mtu asiyewahi kuiona kompyuta, angalau kwa kiasi cha kumwezesha kuuliza swali la pili. Sentensi ya "kusakinisha meneja" haimpi hata swali la kwanza.

Hii haina maana kwamba "sakinisha" lifutwe. Maana yake ni kwamba neno lililotolewa katika hazina ya nyumbani huja na jamaa zake. Neno lililoletwa peke yake hubaki mgeni, na kila neno jingine linalolihusu lazima lifundishwe upya.

4. Dirisha lisilofanana na dirisha

Neno "dirisha" lenyewe, ambalo asili yake ni Kiajemi, limekwisha kukaa, na si busara kuling'oa. Lakini ni vema ikubaliwe kwamba mfano huo una kasoro. Dirisha la nyumba, iwe ya mawe kule Lamu au ya udongo kule Kulesa, limeshikwa na ukuta. Halisogezwi, halilaliwi na dirisha jingine, wala haliwekwi kando. Dirisha la kompyuta hufanyiwa yote hayo. Matokeo yake ni kwamba watafsiri, wakiwa wamefungwa na nomino, hutafuta vitenzi na kuvikosa. Ndipo huja na "punguza", "kuza", "fanya dogo kabisa" na "rejesha", ambavyo ni vitenzi visivyo na picha yoyote.

Kuna kitu nyumbani ambacho hufanyiwa mambo yote yanayofanyiwa dirisha la kompyuta, nacho ni mkeka. Mkeka wa milala hutandikwa mahali pa kazi au pa mazungumzo. Husogezwa kivuli kinapohama. Hutandazwa ukajaza chumba, au hukunjwa ukabaki ukingo wake tu. Mkeka mmoja huweza kulala juu ya mwingine. Wageni wakiondoka huwekwa kando, na wote nyumbani wanajua haukupotea.

Thamani ya vitenzi hivyo hudhihirika katika Openbox hasa, kwa kuwa programu hiyo hutofautisha vitendo viwili ambavyo tafsiri za haraka huvichanganya. Kitendo cha kwanza huliacha dirisha mahali pake lakini hulikusanya mpaka ubaki mstari wake wa juu tu. Kitendo cha pili huliondoa dirisha kiooni lisionekane kabisa, ingawa kazi iliyomo inaendelea. Ikiwa vyote viwili vitaitwa "punguza", mwalimu wa Kulesa ataona dirisha lake moja limepungua na jingine limetoweka, kwa neno lile lile. Tena Openbox haina mstari wa chini wa kuorodhesha madirisha isipokuwa mtu auongeze kwa programu nyingine, kama tint2. Aliyeambiwa kwamba dirisha "limepungua" atalitafuta kiooni bila kuliona, na huenda akaianza kazi yake upya.

Lugha ya mkeka huumaliza utata huo. Kitendo cha kwanza ni "kunja", na kinyume chake "kunjua". Cha pili ni "weka kando", na kilichowekwa kando hutafutwa kando, yaani katika orodha inayofunguka kwa kitufe cha kati cha kipanya. Kulijaza dirisha kiooni ni "tandaza". Kulihamisha ni "sogeza". Hakuna hata kimoja katika vitenzi hivi kinachohitaji kamusi mpya, na vyote vinaweza kuambatana na nomino "dirisha" bila kuleta ugomvi. Nomino imekopwa, lakini vitenzi vinaweza kuwa vya nyumbani.

5. Hatari ya neno "funga"

Kasoro za neno "punguza" humpotezea mtu wakati. Kasoro za neno "funga" huweza kumpotezea kazi.

Katika Kiswahili mlango hufungwa kwa kusukumwa tu, na hufungwa pia kwa ufunguo. Mzigo hufungwa kwa kamba, mtu hufungwa gerezani, na shule hufungwa kwa likizo. Katika maana hizi zote kilichofungwa bado kipo, na hungoja kufunguliwa. Shule ikifungwa madawati hayapotei. Katika kompyuta, hata hivyo, kulifunga dirisha ni kuimaliza programu iliyomo. Programu nyingine humwuliza mtu kwanza kama anataka kuihifadhi kazi yake, na nyingine hazimwulizi. Tena neno hilo hilo hutumika kwa kukifunga kioo, yaani kukizuia kisifunguliwe na mwingine mpaka neno la siri litolewe, na hapo kazi yote hubaki salama.

Kwa hiyo menyu inayoandika "Funga" mara mbili, au inayoliandika mara moja bila kitu kinachofungwa, imemwekea mtumiaji mtego. Mwalimu aliyeandika alama za mitihani mchana kutwa, akainuka kwenda kuona kama maji ya mto yamefika shambani, atachagua "Funga" kwa nia ya kuwazuia watoto, kumbe amejifutia kazi. Kosa si lake. Alilielewa neno sawasawa na lugha yake. Aliyelitumia bila kulipima ndiye hakulielewa.

Dawa yake ni nyepesi. "Funga dirisha" libaki kwa maana ya kwanza, kwa kuwa limeenea, lakini lisiachwe uchi bila yambwa yake. Maana ya pili ipewe "Tia kufuli", usemi unaojulikana kila penye mlango. Hali kadhalika neno "Toka", ambalo huwekwa kwa kuuaga mfumo, halisemi kweli. Anayetoka nyumbani huacha mikeka imetandikwa, ambapo anayetoka katika Openbox hufungiwa madirisha yote. "Maliza kazi" lingemwonya. Kwa upande mwingine ni haki kusifu panapostahili. "Ghairi", neno lililochaguliwa na watafsiri wengi kwa kuacha jambo lililokuwa karibu kutendwa, ni chaguo zuri sana. Limekwisha kuwamo katika mazungumzo ya pwani, na lina maana kamili ya mtu aliyebadili nia kabla ya kutenda.

6. Nani aandike menyu?

Jitihada kubwa ya kwanza ya kuipa kompyuta ya programu huria sauti ya Kiswahili ilikuwa mradi wa Kilinux, uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi. Mwaka wa 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa. Umuhimu wa kazi hiyo hauna shaka, kwani ilithibitisha kwa vitendo kwamba Kiswahili kinaweza. Jina lake, hata hivyo, linaacha kicheko kidogo: "Jambo" ni salamu ambayo wenyeji wa pwani wamemwachia mgeni, nayo hapa ilikuwa ikimkaribisha mwenyeji.

Udhaifu mkubwa zaidi si wa mradi wowote mmoja, bali wa utaratibu wa kazi yenyewe. Mtafsiri wa programu hupewa faili lenye vifungu vya maneno, kila kimoja peke yake, na mahali patupu pa kujaza. Aonapo neno moja la amri, haoni kama linatendewa dirisha, faili au kioo. Kiingereza huvumilia jambo hilo kwa kuwa kitenzi chake hakijali kinatenda nini. Kiswahili hakivumilii. Lazima kijulikane kitu ili upatanisho ukamilike, maana dirisha hufungwa "lake", faili hufutwa "lote", na programu hufunguliwa "yote". Makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ni ya watu wasiojua Kiswahili ni makosa ya watu waliofichwa muktadha.

Hapa ndipo msimamizi mwepesi anapokuwa na jambo la kufundisha. Menyu ya dirisha lenyewe katika Openbox hutoka katika mafaili ya tafsiri ya namna hiyo, na humngoja mtafsiri. Lakini menyu kuu, ile inayofunguka juu ya kioo kitupu, ni maandishi ya mtumiaji mwenyewe. Katika menu.xml kila kipengele kina lebo, na lebo hupokea neno lolote. Mwalimu wa Kulesa anaweza kuandika "Andika barua", "Alama za wanafunzi", "Tia kufuli" na "Maliza kazi", bila kuomba ruhusa ya kampuni wala baraza. Akipenda, anaweza kuziandika kwa Kipokomo.

Hata vyumba vya kazi viko mikononi mwake. Openbox hutoa vinne tangu mwanzo, na rc.xml huruhusu kila kimoja kipewe jina. Tafsiri ya kawaida ya "eneo la kazi" huchanganya vyumba hivi na uso wote wa kioo, ambao nao huitwa "eneokazi". Neno "chumba" halina mchanganyiko huo. Mtu huingia chumba cha darasa, akatoka akaingia chumba cha hesabu, na mikeka aliyoitandika katika kila kimoja inamngoja. Dirisha, mkeka na chumba hukaa pamoja nyumbani, na hukaa pamoja pia kiooni.

Litatokea pingamizi kwamba kila kijiji kikijiandikia menyu yake, usanifu wa lugha utavunjika. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazijaafikiana hata juu ya jina la mashine, ambayo wengine huiita kompyuta, wengine tarakilishi, na wengine ngamizi. Lakini mfano huo huo unawageukia wenye pingamizi. "Kompyuta" imeshinda vinywani kwa sababu watu waliitumia, si kwa sababu ilikuwa juu ya orodha. Usanifu ni kuchagua kati ya maneno yaliyo hai. Pasipokuwa na watu wanaoandika menyu zao, wasanifishaji hawatakuwa na cha kuchagua isipokuwa mawazo yao wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lebo ni huru, lakini vitambulisho vinavyoizunguka katika faili ni vya Kiingereza, na alama moja ikisahauliwa Openbox hushindwa kulisoma faili. Uhuru wa menyu, kwa hiyo, ni wa yule tu aliyekwisha kuvuka kizingiti cha lugha nyingine. Ukweli huu haufichiki. Unaonyesha kazi iliyobaki, nayo ni ya walimu zaidi kuliko ya wanaistilahi: kuandika kwa Kiswahili maelezo mafupi ya mafaili haya matatu, pamoja na mfano mmoja mzima ambao mtu anaweza kuunakili na kubadili lebo zake tu.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maneno ya kusimika na kupanga msimamizi wa madirisha hayapimwi kwa uzuri wa kuundwa kwake, bali kwa yale yanayompata mtu anayeyatii. "Simika" na "msimamizi" hufunzana kwa undugu wa shina. "Kunja", "weka kando" na "tandaza" husema kweli pale "punguza" na "kuza" zinapobabaisha. "Funga" lisilo na yambwa ni hatari, na "Toka" si kweli.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekipa Kiswahili nafasi ya lugha ya taifa na ya lugha rasmi. Heshima hiyo haina uzito kwa mtu wa Garsen ikiwa mashine iliyo mbele yake inamwamrisha kwa lugha asiyoichagua, au kwa Kiswahili kinachompotezea kazi ya siku nzima. Kompyuta kuukuu yenye kioo cha kijivu na menyu tupu imempa jambo ambalo mashine mpya zenye mapambo hazikumpa: mahali pa kuandika neno lake mwenyewe, kulitii kesho yake, na kulibadili likimdanganya.